Bei Unayoweza Kuithibitisha: Kwa Anayeuza Gari la Misuli la Zamani

Ukianza kutafuta bei ya Chevrolet Chevelle ya 1970, gari la kwanza kukujia machoni ni lile lililouzwa ghali kuliko yote. Limepandishwa jukwaani mnadani, Arizona au Florida, taa zinamulika rangi yake na matajiri wawili wanapandishiana dau. Nalo lililoko gerejini kwako lina umbo lile lile, mistari ile ile miwili mipana juu ya boneti na nembo ile ile ya SS, yaani toleo la nguvu, kwenye grili. Ni rahisi kujiambia kwamba lako nalo lina thamani hiyo, au angalau nusu yake. Wauzaji wengi huanzia hapo: wanatangaza bei ya ndoto, na gari linakaa mwaka mzima bila kupata mnunuzi wa kweli. Wapo pia wanaoumia upande wa pili. Hawajui walichonacho, wanamwachia mtu wa kwanza aliyekuja na fedha taslimu, kisha baada ya miezi michache wanaliona gari lile lile mnadani likiuzwa mara tatu ya walichopokea.

Ushauri huu nawaandikia hasa wasomaji wetu wanaoishi Marekani na Kanada, kwa sababu magari haya sasa yanahama kutoka kizazi kimoja kwenda kingine. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1970 leo ni mzee aliyevuka 70. Wazee hao wanahamia nyumba ndogo, wanaugua, wanafariki, na gari linamwangukia binti, mkwe, mjukuu, au fundi aliyelitunza kwa miaka. Mkwe huyo anaweza kuwa kijana wa Mombasa aliyeoa Ohio, na fundi huyo anaweza kuwa mtu wa Bukavu mwenye karakana Texas. Anapewa funguo na hati ya umiliki, anaambiwa auze kwa bei nzuri, na hapo ndipo anapohitaji mtu wa kumwambia bei nzuri inapatikanaje.

Kwa maana ya soko, gari la misuli ni gari la Marekani la ukubwa wa kati lililopewa injini ya gari kubwa. Mwaka 1964 Pontiac, ambako John DeLorean alikuwa mhandisi mkuu, walichukua injini ya inchi za ujazo 389 iliyokuwa ikisukuma magari yao makubwa, wakaitia katika Tempest LeMans, wakaiita GTO. Wenzao wakafuata: Chevelle SS 396, Oldsmobile 442, Plymouth Road Runner, Dodge Charger R/T. Mustang na Camaro zenye injini kubwa, ingawa ni ndogo kwa umbo, nazo huuzwa katika soko hilo hilo. Mambo hayakudumu. Kampuni za bima zilipandisha ada kwa vijana wenye injini hizo, mwaka 1971 General Motors walipunguza mgandamizo wa injini zao ili zikubali petroli yenye risasi kidogo, na vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 vikamaliza kilichobaki. Ndiyo maana mwaka mmoja tu mbele au nyuma unabadilisha hesabu yote. Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya LS6, nguvu farasi 450 kwa kipimo cha wakati ule, na Chevelle SS ya 1971 yenye injini ya 350 zinafanana sura tu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza magari kama hili yanauzwa kiasi gani, lazima ujue hili ni gari gani. Sehemu hii ndiyo inayobeba fedha nyingi kuliko zote, na ndiyo watu wanaiharakisha.

Anza na namba ya chasi. Katika magari ya General Motors kuanzia 1968, iko kwenye kibati kidogo juu ya dashibodi upande wa dereva, unaisoma ukiwa nje kupitia kioo cha mbele. Tuendelee na Chevelle. Kuanzia 1966 hadi 1968, SS 396 ilikuwa na mfululizo wake na namba yake ilianza na 138, kwa hiyo namba peke yake inatosha kukwambia. Kuanzia 1969, SS ikawa kifurushi cha nyongeza ambacho mteja alikilipia juu ya gari la kawaida. Matokeo yake, Chevelle Malibu ya 1970 ya milango miwili yenye V8 huanza na 13637, iwe ni gari la mwalimu wa shule lenye injini ndogo ya 307, iwe ni SS 454 ya kijana wa mashindano. Namba ya chasi haizitofautishi. Nembo, boneti yenye mdomo wa hewa, viti, hata dashibodi yenye saa za mviringo, vyote vinatengenezwa upya na kuuzwa madukani leo. Mtu mwenye fedha na subira anaweza kuivalisha Malibu nguo zote za SS, na wengi wamefanya hivyo, tena bila nia mbaya: walilipenda umbo hilo wakalitengeneza kwa starehe yao. Nia huharibika pale mmiliki wa tatu au wa nne anapoiuza kama SS halisi.

Fungua boneti. Ukikuta injini ya 350 katika gari linaloitwa SS ya 1970, ujue injini hiyo haikutoka nalo kiwandani, kwa sababu mwaka ule SS iliuzwa na 396 au 454 tu. Ukikuta injini kubwa, tafuta sehemu bapa iliyochongwa mbele ya kichwa cha silinda cha upande wa abiria. Hapo pamegongwa herufi zinazotaja aina ya injini, kwa mfano CRV kwa LS6 iliyounganishwa na gia za mkono, na pia sehemu ya namba ya chasi. Tarakimu sita za mwisho zikilingana na za kwenye dashibodi, una kitu ambacho wanunuzi wanakilipia sana: injini iliyozaliwa na gari. Halafu angalia tarehe iliyosubiwa kwenye chuma cha bloku. C 12 0 ni tarehe 12 Machi 1970, maana herufi inataja mwezi kuanzia A ya Januari. Tarehe hiyo lazima iwe kabla ya gari kuunganishwa, na mwezi na wiki ya kuunganishwa vimo katika kibati cha bodi kilichobanwa kwenye ukuta wa injini. Bloku iliyosubiwa Juni haiwezi kuwa ndani ya gari lililotoka kiwandani Machi, hata namba zikilingana vipi.

Kwa kuwa namba hizo zina fedha, zipo zilizogongwa upya. Mnunuzi mzoefu ataleta tochi na kioo cha kukuza aangalie kama mistari midogo ya mashine ya kiwandani bado ipo juu ya sehemu ile. Kwa hiyo safisha mafuta kwa kiyeyushi na brashi laini, usiguse kwa msasa. Mtu anaweza kufuta thamani ya maelfu ya dola kwa dakika mbili za kusugua ili namba zisomeke vizuri kwenye picha. Kibati cha namba ya chasi nacho usikiondoe hata kwa ajili ya kupaka rangi. Sheria ya shirikisho ya Marekani inahesabu kukiondoa au kukibadilisha kuwa jinai, na hata pale ambapo sheria inakuachia nafasi, kibati chenye ribiti zisizo za kiwandani kitamfukuza kila mnunuzi makini.

Kisha tafuta karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa mithali hiyo inapimwa kwa dola. Kila gari lilipokuwa likiunganishwa, wafanyakazi walifuata karatasi yenye orodha ya vitu vyote vilivyoagizwa, na mara nyingi karatasi hiyo iliachwa ndani ya gari: juu ya tangi la mafuta, kati ya springi za kiti cha nyuma, chini ya zulia. Imeliwa na panya, ina madoa ya kutu, lakini kwa Chevelle ya 1970 karatasi hiyo iliyochakaa inaweza kuwa ndiyo shahidi pekee kwamba gari ni SS. Tafuta pia mkataba wa kwanza wa mauzo, kijitabu cha dhamana, risiti za gereji za miaka ya 70, na picha za familia ambamo gari linaonekana. Ulizia kwa shangazi na wajomba wa upande wa mwenye gari kabla nyumba haijafagiliwa, kwa maana nyaraka hizi hutupwa pamoja na magazeti.

Urahisi wa kuthibitisha hutegemea gari lilitoka kampuni gani, na tofauti hiyo inaingia kwenye bei moja kwa moja. Pontiac ndiyo yenye raha kuliko zote. GTO za 1966 hadi 1971 zina namba ya chasi inayoanza na 242, na kumbukumbu za kiwanda zimehifadhiwa na taasisi iitwayo Pontiac Historic Services, ambayo kwa ada ndogo inakupa nakala ya kumbukumbu za gari lako. Kwa Ford za kuanzia 1967 kuna ripoti ya Marti, iliyotokana na hifadhi ya takwimu za uzalishaji za Ford yenyewe. Itakwambia gari liliagizwa na nini, lilipelekwa kwa muuzaji gani na siku gani. Chrysler, yaani Dodge na Plymouth, waliweka herufi ya injini ndani ya namba ya chasi, nafasi ya tano. Mwaka 1970 na 1971, R ni Hemi ya 426 na V ni 440 yenye kabureta tatu. Chevrolet zilizouzwa Marekani hazina hifadhi ya namna hiyo, lakini zilizouzwa Kanada zinazo, kwa sababu General Motors ya Kanada ilitunza kumbukumbu zake. Msomaji wa Toronto au Edmonton mwenye Chevelle iliyouzwa kwanza Kanada ameshika bahati ambayo mwenzake wa Chicago hana.

Mtu wa Dar es Salaam ataelewa upesi nikisema ni kama viwanja viwili vinavyopakana, kimoja kina hati na kingine kina neno la mwenye nyumba tu. Udongo ni ule ule, bei haikaribiani. Malibu iliyovalishwa vizuri na SS halisi yenye injini yake na karatasi zake zinaweza kupishana mara mbili, na ikiwa halisi ni LS6, zaidi ya hapo. Angalia pia Mustang GT ya kijani aliyoiendesha Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya 1968. Ilipopanda jukwaani Kissimmee, Florida, Januari 2020, ilikuwa na rangi iliyofifia, na haikuwa imewahi kufanyiwa ukarabati wa kuirudisha upya. Ilikuwa na namba yake, na ilikuwa na barua ya McQueen mwenyewe ya 1977 akimwomba mwenye gari amuuzie. Ikaenda kwa dola milioni 3.4, na kwa ada ya mnada milioni 3.74. Mustang nyingine ya kijani ya mwaka ule ule, inayong'aa kuliko ile, haiwezi kumdai mtu yeyote bei hiyo.

Kama huwezi kuthibitisha, sema huwezi. Tangaza Malibu ya 1970 iliyotengenezwa kwa sura ya SS, injini ya 454 isiyo yake, basi. Kuna wanunuzi wengi wa magari ya namna hiyo, watu wanaotaka kuendesha kila Jumapili bila kuogopa mvua, na wanalipa vizuri. Wanachokikataa ni kudanganywa.

Baada ya kujua gari ni gani, ndipo unapima hali yake. Soko la Marekani limezoea madaraja manne yanayotumiwa na Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale iliyoko Traverse City, Michigan. Daraja la 1 ni gari la maonyesho, bora kuliko karibu yote yaliyobaki duniani, na kwa kawaida haliendeshwi. La 2 linaweza kushinda onyesho la mji, na mtu wa kawaida hataona kasoro. La 3 linaendeshwa vizuri na kupendeza kwa umbali wa hatua chache, lakini ukilikaribia unaona mikwaruzo, kromu iliyochoka, sehemu moja mbili zisizo za asili. La 4 linatembea, na kasoro zake zinaonekana bila kutafutwa. Magari mengi yaliyotunzwa kwa mapenzi ni daraja la 3. Naomba uisome tena sentensi hiyo, kwa sababu kila mwenye gari huliweka lake daraja la 2, na hatua hiyo moja inaweza kuwa dola 15,000 au zaidi katika gari moja. Ninayemwamini kupanga daraja ni fundi asiyekujua, aliyelipwa kwa saa zake, ambaye hatapata chochote gari likiuzwa.

Mpe jeki na tochi aanzie chini. Kutu ndiyo adui wa magari haya, hasa yale yaliyoishi majimbo ya kaskazini ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji. Katika Chevelle, tazama sakafu chini ya miguu, sakafu ya buti, pembe za kioo cha nyuma, sehemu ya chini ya mbavu nyuma ya magurudumu, na fremu pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma. Gari likiwa na paa la vinaili, hapo chini maji yamefichwa miaka hamsini, tarajia mabaya. Mustang ina ugonjwa wake: maji huingia kwenye uwazi ulio chini ya kioo cha mbele, ukuta wake unaoza kwa ndani, na dereva anaona tu zulia limelowa. Mustang haina fremu ya peke yake, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, hivyo kutu ya chini ni suala la usalama na si la urembo tu. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kando ya paneli. Pale isiposhika kuna puti, na rangi nzuri juu ya puti nene ni ahadi ya matatizo baada ya majira mawili.

Kilomita, au maili kwa hapa, usizitegemee. Vipimo vya wakati ule vilikuwa na tarakimu tano za maili na kurudi sifuri baada ya 99,999. Gari linaloonyesha 43,000 linaweza kuwa limekwenda 143,000. Bila risiti za kuthibitisha, andika kwamba kipimo kinasoma 43,000 na maili halisi hazijulikani.

Sasa ndipo unakwenda sokoni. Tafuta mauzo yaliyokamilika, maana bei iliyotangazwa ni matumaini ya muuzaji mwingine kama wewe. Minada mikubwa, Mecum na Barrett-Jackson, huweka wazi matokeo yake, na mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer una faida kubwa zaidi: kila gari lililopita pale limeacha picha zake, maelezo yake na maswali ya wanunuzi. Soma maswali hayo. Yatakufundisha kwa jioni moja kile kinachoshusha dau la gari la aina yako.

Mambo mawili hupotosha hesabu. Kwanza ada. Matokeo ya minada ya majukwaani mara nyingi yanajumuisha ada ya mnunuzi, kwa kawaida asilimia 10 hivi, fedha ambayo muuzaji hakuigusa, na bado muuzaji naye amekatwa kamisheni yake na kulipa usafiri. Ukiuza mwenyewe nyumbani, bei ya kulinganisha ni ile kabla ya ada. Pili ni tarehe. Soko la magari haya lilipanda kwa kishindo kuelekea 2007 na kuanguka na uchumi wa 2008. Likapanda tena baada ya janga la korona, 2021 na 2022, na kisha likapoa. Vijana wenye fedha leo wengi wanatafuta magari ya Kijapani ya miaka ya 90 waliyoyatamani wakiwa watoto. Mauzo ya 2022 yasiingie kwenye orodha yako. Chukua miezi 12 iliyopita, ukikosa nenda hadi 18.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za kubuni, ili uone njia. Tuseme gari lako ni Malibu ya 1970 iliyovalishwa SS, injini ya 454 isiyo yake, daraja la 3. Umepata mauzo sita yanayofanana nalo, ukaondoa ada: dola 38,000, 41,500, 44,000, 45,000, 47,000 na 72,000. Lile la 72,000 ulisome vizuri. Ukikuta lilitengenezwa na karakana yenye jina kubwa, kila skrubu mpya, liondoe, halikuhusu. Katika matano yaliyobaki la katikati ni 44,000. Fundi wako amesema bampa zinahitaji kromu mpya, dola 2,000, na sakafu ya upande wa dereva inahitaji kukatwa na kuchomelewa, dola 3,500. Umebaki na 38,500. Hiyo ndiyo bei ya haki. Mimi ningeishusha kidogo zaidi kwa sababu ya ile sakafu, kwa kuwa mnunuzi akiona kutu moja huamini ziko nyingine tatu, na ana sababu. Au ningeitengeneza kabla ya kutangaza, nikaweka picha za kazi ikiendelea.

Juu ya bei ya haki weka nafasi ya mapatano, asilimia 5 hadi 8, isizidi hapo. Katika mfano wetu unatangaza 41,500 ukijua moyoni kwamba 38,500 ni biashara njema. Desturi yetu ya kutaja mara mbili ili mteja akate nusu haifai hapa. Mnunuzi wa gari hili amekwisha soma mauzo yale yale uliyosoma wewe, na bei iliyopaa inamwambia kwamba muuzaji hajui au hana ukweli. Hatapiga simu kukata, atapita.

Kuna hesabu nyingine ambayo inauma kuikataa: nimetumia kiasi gani. Ukarabati kamili wa bodi, rangi, kromu, viti na injini unaweza kumeza dola 80,000 au 100,000 bila shida, kwenye gari ambalo likimalizika lina thamani ya 50,000. Fedha hizo zilinunua furaha ya aliyezitoa, na alikuwa na haki nayo. Mnunuzi hadaiwi. Risiti zihifadhi zote, lakini kazi yake ni kuonyesha kazi ilifanywa na nani na lini, na hilo linaweza kulipandisha gari kutoka sehemu ya chini ya daraja lake hadi ya juu. Karatasi ya tathmini ya bima nayo isikuvimbishe kichwa. Ile ilitengenezwa ili familia ilipwe vya kutosha gari likiungua, na kwa kawaida huwa juu ya kile ambacho mtu atalipa mlangoni kwako.

Mabadiliko ya kisasa, kama injini mpya ya kielektroniki, breki za diski pande zote au kiyoyozi, hugawa soko. Yakifanywa na karakana yenye sifa yanaweza kulipa kuliko asili. Yakifanywa nyumbani kidogo kidogo, kila mnunuzi anaona kitu atakachotaka kukitoa. Kama injini ya asili imo gerejini chini ya turubai, hata ikiwa imeganda, iuze pamoja na gari na uitaje katika sentensi za mwanzo za tangazo. Vivyo hivyo na kabureta, vifuniko vya magurudumu, redio ya zamani. Kabla ya kuita mtu wa vyuma chakavu, mwite mtu anayejua namba.

Kuhusu kulipeleka nyumbani Afrika Mashariki, watu huuliza, na nawaelewa, kwa sababu Mustang ya 1969 ikipita barabara ya Nyali kila shingo itageuka. Lakini usijenge bei juu ya ndoto hiyo. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 wala lenye usukani kushoto, na haya yote yana usukani kushoto. Ghuba ni jambo jingine. Oman na Falme za Kiarabu huendesha upande wa kulia wa barabara kama Marekani, na huko kuna wapenzi wa kweli wa injini hizi. Mnunuzi wa huko atataka picha za chini ya gari nyingi kuliko za juu, na gharama ya meli ataiondoa kwenye bei yako.

Majira nayo yana neno. Katika majimbo ya baridi magari haya hulala kuanzia Novemba, na mtu hanunui kitu atakachokitazama kwa miezi mitano. Tangaza Machi mwishoni au Aprili. Weka picha 60 au 80, pamoja na za kasoro: kutu, mkwaruzo, mpasuko wa kiti. Kila kasoro uliyoionyesha mapema imekwisha kukatwa kwenye bei, na anayefika kwako hawezi kuitumia kukushusha tena. Wiki tatu zikipita bila mtu kuja kulitazama, bei iko juu, ishushe mara moja kwa kiasi kinachoonekana, dola 2,000 kwa mfano wetu, badala ya mia mia kila Jumatatu. Watu wakija wengi wakatazama na kuondoka bila kutoa dau, tatizo haliko kwenye bei. Kuna kitu wanakiona ambacho tangazo halikukisema. Muulize wa mwisho aliyeondoka, kwa heshima, naye atakwambia.

Akija wa kununua, mpe orodha ya mauzo uliyolinganisha na maelezo ya fundi. Mwache asome. Mtu anayetaka kukata dola 5,000 atalazimika kuonyesha mstari gani una kosa, na akiuonyesha kweli, mkubalie. Malipo yathibitishwe ndani ya benki yake, mkiwa wote wawili, kabla hujasaini hati ya umiliki, kwa sababu hundi za benki za kughushi zimewaliza wengi. Umkabidhi bahasha yenye nyaraka zote, ubaki na nakala. Siku hiyo hiyo upeleke taarifa ya mauzo kwenye idara ya magari ya jimbo lako, ili faini na ajali za kesho ziende kwa jina lake.